CRP imepanda na siumwi popote: unene, mimba na mchochota wa ndani kwa ndani

*Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, nina mimba ya pili, wiki ya 14. Mtoto wangu wa kwanza ana miaka 11. Nina kilo 92 na urefu wa sentimita 160. Nilipima damu kwenye maabara moja hapa Tanga, CRP ikatoka 14, nikaambiwa nina "uvimbe ndani ya damu" kwa sababu ya unene. Siumwi popote. Huo uvimbe ni nini, utamfikia mtoto, na dawa yake ni ipi? Shoga yangu ananiambia ninywe diklofenaki siku tano. Mama mkwe anasema nile tu, mimba ni ya watu wawili. Kwa sasa natumia foliki asidi ya miligramu 5 niliyonunua duka la dawa. Nipime tena CRP lini?*

Marahaba, binti yangu. Nianze na la haraka: diklofenaki usinywe. Sababu nitakupa huko mbele, lakini kama umeshainunua, iweke kando leo.

Tuje kwenye hilo neno. Najua "uvimbe" likitamkwa mbele ya mjamzito linavyomkosesha usingizi, maana kwetu uvimbe ni kitu cha kushikika: jipu, tezi, au ule wa kizazi unaotolewa kwa upasuaji. Wewe hujaambiwa una kitu cha namna hiyo. Alichokusudia mtu wa maabara ni mchochota, yaani hali ambapo chembe za kinga zimeamshwa na zinamwaga kemikali zao kana kwamba adui ameingia; CRP ni protini ya damu inayopanda hali hiyo ikiwepo. Ukichomwa na mwiba, pakawa pekundu, pakapata joto na kuuma, huo ni mchochota wa kawaida. Unakuja, unafanya kazi yake, unaondoka. Wa unene una tabia nyingine. Nilikulia karibu na mashine ya kukoboa mpunga, na nyuma yake palikuwa na kilima cha pumba kilichokuwa kikiungua ndani kwa ndani wiki nzima. Moto huuoni, moshi kidogo sana, lakini mtoto akikanyaga anarudi nyumbani analia. Huo ndio mfano wake.

Moto wenyewe unatoka wapi? Zamani sisi madaktari tulifundishwa kwamba mafuta ya mwilini ni ghala tu, unaweka akiba na kuitoa. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani, Hotamisligil na Spiegelman pamoja na wenzao, walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene yanatengeneza TNF, kemikali iliyokuwa ikijulikana kama silaha ya kinga, na kwamba silaha hiyo inaizuia insulini kufanya kazi. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman huko New York ikagundua leptini, homoni inayotolewa na mafuta yenyewe. Mwaka 2003 ikaonekana kwamba mafuta ya mtu mnene yamejaa makrofeji, zile chembe za kinga ambazo kazi yake ni kumeza uchafu na vijidudu. Ghala likageuka kuwa kambi ya askari.

Inavyokwenda ni hivi. Seli ya mafuta ikijazwa kupita kiasi, damu haiifikii sawasawa, inakosa hewa, na nyingine zinakufa. Makrofeji zinakuja kuzoa mizoga, zinaizunguka seli iliyokufa duara zima, na zikiwa hapo zinamwaga TNF na nyingine iitwayo IL-6. IL-6 ikifika kwenye ini, ini linatengeneza CRP. Kwa hiyo CRP yako ni moshi. Yenyewe haikuunguzi, inakuonyesha tu kwamba kuna kinachoungua.

Na moshi wenyewe ni kidogo. Mtu mwenye maambukizi makali ya bakteria CRP yake huweza kupita 100. Mimba peke yake huipandisha kidogo, na kwa mama mwenye BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) kama yako, ambayo nimeipiga ikaja 36 hivi, 14 hainishangazi. Hata hivyo sipendi unene ubebeshwe lawama kabla ya wengine kuulizwa. Pima mkojo, maana mjamzito anaweza kuwa na maambukizi ya mkojo bila kuhisi chochote. Pima malaria. Na jitazame fizi unapopiga mswaki: fizi zinazotoka damu kila asubuhi nazo hupandisha CRP, na watu wengi huziona ni jambo dogo.

Sasa mimba. Mwaka 1953 mwanasayansi wa Uingereza, Peter Medawar, aliuliza swali ambalo bado linatufanyisha kazi: mtoto tumboni nusu yake ni ya baba, ni mgeni kwa mwili wa mama, mbona kinga ya mama haimfukuzi kama inavyofukuza figo ya kupandikizwa? Jibu la haraka lililozoeleka ni kwamba kinga ya mjamzito "inashuka". Utalisikia mpaka leo kliniki, nami nililisema miaka mingi. Siyo sahihi. Kinga ya mjamzito haishuki, inabadilishiwa kazi, tena kwa zamu. Wiki za mwanzo, mimba inapojishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, pana mchochota wa makusudi, kama fundi anayebomoa ukuta ili apitishe bomba. Miezi ya kati panatulia, na chembe za kutuliza zinashika usukani ili mtoto akue. Karibu na uchungu mchochota unarudi, safari hii ili kulainisha mlango wa uzazi na kuanzisha mikazo.

Zamu ya kwanza ndiyo ya kuitazama. Ndani ya mji wa mimba kuna chembe za kinga ziitwazo NK, ambazo kwenye damu kazi yake ni kuua seli zilizoharibika, lakini hapa zinasaidia kuipanua mishipa midogo ya damu inayolisha kondo la nyuma. Mishipa hiyo inatakiwa igeuke kutoka mirija myembamba yenye misuli ikawa mipana na laini, damu ipite kwa wingi na bila presha. Kwa mama mwenye mafuta mengi, askari wanafika kazini tayari wamechokozwa. Tafiti za miaka ya karibuni zimekuta NK za mji wa mimba kwa wanawake wanene hazifanyi kazi kama za wenzao. Nako kwenye kondo, watafiti wa Cleveland, Marekani, waliripoti mwaka 2008 kwamba makondo ya akina mama wanene yalikuwa na makrofeji mara mbili hadi tatu zaidi, na nyingi zilikuwa katika hali ya kushambulia. Ule moto wa pumba haukubaki kwenye kitambi.

Mishipa isipopanuka vizuri, kondo linakosa damu, nalo linalalamika kwa kumwaga kwenye damu ya mama kemikali zinazoharibu ngozi ya ndani ya mishipa yake. Presha inapanda, protini inavuja kwenye mkojo, hali iitwayo priklampsia, na mwisho wa njia hiyo ni kifafa cha mimba. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2003 ulikuta kwamba hatari ya priklampsia inakaribia kuongezeka maradufu kwa kila pointi 5 hadi 7 za BMI zinazoongezeka. Sikuambii ili uogope, kwa kuwa wanawake wengi wenye BMI yako hawaipati. Nakuambia kwa sababu hapa ndipo penye dawa, na muda wake ni sasa hivi.

Dawa hiyo ni aspirini ya dozi ndogo. Mwongozo wa Uingereza unaipendekeza kwa mama mwenye vihatarishi viwili vya kati, na wewe unavyo: BMI ya 35 au zaidi, na mwanya wa zaidi ya miaka 10 tangu mimba iliyopita. Utafiti wa ASPRE uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa akina mama waliopimwa na kuonekana wako hatarini miligramu 150 kila usiku, kuanzia wiki ya 11 hadi 14 mpaka wiki ya 36, na priklampsia ya kabla ya wiki ya 37 ilipungua kwa asilimia 62. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75, ianzwe kabla ya wiki ya 20. Ukichelewa sana mishipa ya kondo imeshajengwa, fundi ameondoka. Nenda wiki hii, mwambie mkunga au daktari maneno haya: "BMI yangu ni 36, mtoto wangu wa mwisho ana miaka 11, nahitaji aspirini?" Watakuuliza kuhusu vidonda vya tumbo, pumu na mzio, halafu wataamua. Usijianzishie.

Hapa ndipo ninapotaka uone tofauti, kwa sababu shoga yako atakwambia "kwani zote si dawa za kutuliza maumivu?". Diklofenaki na ibuprofeni kwa dozi ya maumivu, mimba ikishapita wiki 20, zinaweza kupunguza mkojo wa mtoto na hivyo maji yanayomzunguka. Miezi mitatu ya mwisho zinaweza kufunga kabla ya wakati mshipa ulio karibu na moyo wake. Aspirini ya dozi ndogo inafanya kazi kwenye chembe za kugandisha damu, na kwa kiwango hicho kidogo imeshapimwa kwa maelfu ya wajawazito. Wala haipewi kwa ajili ya kuishusha CRP. Dawa ya kuishusha CRP ya mjamzito kwa sababu ya unene haipo.

Halafu presha yenyewe ipimwe sawasawa. Mkanda wa kawaida wa kipimo ukifungwa kwenye mkono mnene unatoa namba za juu kuliko ukweli. Nimeona mama aliyelazwa kwa presha ambayo, tulipopata mkanda mpana, haikuwepo. Uliza kwa upole kama kuna mkanda mkubwa. Si kiburi, ni haki yako.

Kisukari cha mimba nitakipita haraka. Kila mjamzito insulini yake inadhoofika kadiri mimba inavyokua, ni mpango wa mwili ili sukari imfikie mtoto. TNF inaongeza udhaifu juu ya udhaifu. Omba kipimo cha sukari ya asubuhi kabla hujala wakati huu, na kile cha kunywa gramu 75 za glukosi kati ya wiki ya 24 na 28. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, sukari ya kabla ya kula ikifika 5.1 ni kisukari cha mimba, ingawa kwa mtu asiye na mimba tungeiona ya kawaida. Kwa hiyo akikwambia mtu "5.3 ni nzuri tu", muulize tena.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha huku kwetu ni damu. Tunadhani mwanamke mnene hawezi kuishiwa damu. Anaishiwa. IL-6 ile ile inayoliambia ini litengeneze CRP inaliambia pia litengeneze hepsidini, homoni inayofunga mlango wa madini ya chuma kwenye utumbo. Mwili unafanya hivyo kwa hekima ya zamani: vijidudu vinapenda chuma, basi ukihisi vita, kifiche. Ila vita hii haina vijidudu, na mlango unabaki umebanwa mwezi baada ya mwezi. Malaria nayo inaufunga mlango huo huo, kwa hiyo mama mnene wa ukanda wa pwani anaweza kubanwa pande mbili. Zaidi ya hapo, kipimo cha ferritini kinadanganya: mchochota unaipandisha, majibu yanasomeka "akiba ya chuma ipo" kumbe ghala tupu. Ukipimwa ferritini, onyesha na karatasi ya CRP.

Kwa vitendo: vidonge vya damu vya kliniki vimeze, usiviache kwenye kabati kwa sababu vinachafua tumbo. Vimeze mbali na chai, hata chai ya saa nne, maana chai inashika chuma. Kamulia ndimu kwenye mchicha na maharage, na dagaa wasikose mezani. Na kama unakula udongo, nakuuliza bila kukucheka, wengi wanakula: acha. Udongo nao unashika chuma tumboni.

Hiyo foliki asidi ya miligramu 5 imenifanya nisome swali lako mara mbili. Uingereza kwa miaka mingi iliipendekeza dozi hiyo kwa wanawake wenye BMI ya 30 na kuendelea, kwa sababu watoto wao hupata zaidi kasoro za uti wa mgongo, lakini ilikuwa kwa mwezi mmoja kabla ya mimba na wiki 12 za kwanza. Uti wa mgongo unajifunga ndani ya mwezi wa kwanza tangu mimba kutungwa. Wewe uko wiki ya 14, kazi yake imekwisha. Na kuna tatizo: kliniki sasa wataanza kukupa SP ya kuzuia malaria, nayo inafanya kazi kwa kumnyima mdudu wa malaria folati. Foliki asidi ya miligramu 5 inampelekea mdudu chakula chake. Shirika la Afya Duniani linakataza kuchanganya dozi hiyo na SP. Waonyeshe kliniki hicho kidonge, na bila shaka watakurudisha kwenye kile cha kawaida chenye chuma na foliki asidi ya mikrogramu 400, ambacho hakigombani na SP.

Sasa mtoto, ambaye najua ndiye aliyekufanya uandike. Kemikali kama TNF za damu yako kwa sehemu kubwa hazipenyi kondo kwenda kwake. Kinachopenya ni chakula: sukari na mafuta, na kondo lenye mchochota hubadilisha namna linavyovipitisha. Ndiyo maana watoto wa akina mama wanene kwa wastani huzaliwa na mafuta mengi zaidi, hata pale ambapo uzito wao hautishi. Tafiti za damu ya kitovu zimekuta pia kwamba baadhi ya chembe zao za kinga haziitiki kwa nguvu zikichokozwa na vijidudu, na utotoni pumu huonekana zaidi kidogo kwao. Ni wastani wa watu wengi. Hauniambii lolote la hakika kuhusu huyo wako. Kinachopenya kwa faida ni kinga unazomtengenezea: chanjo ya pepopunda unayochomwa begani inamfikia, kwa hiyo usiikose.

Quebec, Kanada, walifanya jambo zuri: waliwatazama watoto wa wanawake waliopunguza unene kwa upasuaji, wakalinganisha waliozaliwa kabla na waliozaliwa baada, mama yule yule. Waliozaliwa baada walikuwa na unene mdogo kuliko ndugu zao, na alama kwenye baadhi ya vinasaba vya sukari na mchochota zilikuwa tofauti. Damu moja, nyumba moja, ila mama alikuwa na mafuta pungufu tangu kabla ya kubeba mimba.

Angalia nilivyosema, *kabla ya kubeba*. Kupunguza uzito katikati ya mimba sikushauri, na yeyote anayekuuzia chai ya kupunguza kitambi ukiwa na mimba mkimbie. Wala sitakuahidi kwamba mboga na matembezi vitauzima moto. Uingereza walifanya jaribio kubwa la UPBEAT, lililochapishwa mwaka 2015, wakawasaidia wajawazito wanene kubadili chakula na kutembea zaidi. Akina mama waliongezeka uzito kidogo kuliko wenzao, walikula vizuri zaidi, lakini kisukari cha mimba hakikupungua. Vidonge vya bakteria wazuri vilijaribiwa Australia, navyo havikukizuia. Sisemi uache, nami wagonjwa wangu nawaambia watembee nusu saa kwa siku mara tano kwa wiki, jioni jua likipoa. Nasema usijilaumu namba zisiposhuka.

Mama mkwe mpe heshima yake, anakutakia mema, na pwani mwanamke akinawiri ni sifa kwa aliyemwoa. Ila mtoto wako sasa ni mdogo kuliko kiganja changu. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2009 unasema mwenye BMI kama yako aongeze kilo 5 hadi 9 kwa mimba nzima. Kula milo yako, punguza soda, chipsi na sukari ya chai, ongeza maharage, samaki na mboga. Mwambie mama daktari hajakunyima chakula, amepanga sahani.

Mwisho ni maambukizi. Chembe za kinga zilizochokozwa muda wote huchoka, na kidonda kwenye mafuta mengi hupona polepole. Ukijifungua kwa upasuaji, uliza kama umechomwa dawa ya kuzuia maambukizi kabla ya kisu, kidonda kikaushwe vizuri chini ya mkunjo wa tumbo, na kikianza kutoa maji au harufu usisubiri siku ya kurudi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukabanwa kifua, nenda usiku huo huo. Ukichelewa kupata maziwa siku tatu nne za mwanzo, nalo hutokea zaidi kwa wenye uzito mkubwa. Mnyonyeshe mara kwa mara, mwite mkunga, usikimbilie kopo.

Kuumwa kichwa kusikoisha, macho kuona ukungu au nyota, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba ghafla: ukiona hata kimoja baada ya wiki ya 20, ondoka hapo ulipo uende hospitali.

CRP usiipime tena kwa ajili ya unene. Itatoka 11 au 17, na hakuna nitakachobadilisha. Fedha hiyo iwekee kipimo cha sukari cha wiki ya 24, na nauli ya kliniki wiki hii kwa ajili ya lile swali la aspirini.